Bendera Iliyokataa Kushuka

Haya ninayokwenda kuyaandika hutayaamini, na wala sikulaumu. Mimi mwenyewe nikijisimulia kichwani huwa najikatalia. Lakini ni kweli tupu, tena ya mtu ninayemjua ndani na nje, maana amemwoa mdogo wangu, na naandika juu ya meza yake ya kukatia nguo, katikati ya mkasi wake na chaki yake. Mwenyewe katoka kwenda kununua vifungo. Duka la vifungo liko mbali, na yeye ni mtu wa kuchagua. Kifungo kimoja anakigeuzageuza kama anayechumbia. Kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kusema ukweli, na hata wa kuupiga pasi kidogo.

Elimu yangu msiidharau. Nilisoma mpaka siku mwalimu aliposema mwenye swali aulize. Nikauliza. Nikaambiwa nirudi na mzazi, na mpaka leo sijarudi. Lakini vitabu nasoma, hasa vile ambavyo wachezaji mashuhuri wanaandika maisha yao. Mtaani kwetu hakuna aliyevisoma vingi kunishinda, ingawa vingine nilianzia kwenye picha nikaishia hapohapo. Na niwaambie siri: vyote vimezaliwa na mama mmoja. Mtoto anapiga mpira wa matambara, hana viatu. Kocha anapita njia, anasimama, anasema, "Huyu ana kitu." Ukifunua ukurasa wa pili, keshavaa medali. Halafu kombe, kombe, goti, upasuaji, kombe, shukrani. Unakifunga kitabu umeshajua alichoshinda, lakini mtu mwenyewe hujakutana naye. Ni sawa na kualikwa chakula ukaishia kuonyeshwa masufuria.

Nimekutana na kimoja tu kinachofaa kusomwa hadi jalada la nyuma, na sababu yake ni huyu shemeji yangu. Kaeni vizuri.

Shemeji ni fundi cherehani. Mrefu, mwembamba, shingo kama ya mtu anayechungulia kwa jirani. Hasemi sana, na si kwa hekima, msije mkamtukuza bure: mdomo wake muda wote una pini. Ukimuuliza jambo jepesi anakujibu kwa pembe ya mdomo. Ukimuuliza jambo zito, anaongeza pini.

Dada yangu alimpata vipi? Jamaa alikuja nyumbani kumpima baba koti. Futi inazunguka kifua cha baba, macho yanazunguka kiuno cha binti. Baba hakuona kitu, maana alikuwa ameambiwa avute pumzi aibane. Mimi niliona. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Fundi, mimi ni kaka mtu." Akaniangalia, akaniuliza, "Kaka, kiuno chako ngapi?" Wiki iliyofuata mimi nilikuwa na suruali mpya na yeye alikuwa na mchumba. Wanaosema nilimuuza dada yangu kwa suruali ni wambeya wakubwa. Ilikuwa suruali na koti.

Siku za kazi alishona; Jumamosi na Jumapili alishika kibendera uwanjani. Mpira wenyewe ulimkataa tangu utotoni: akiupiga kulia, unakwenda kwa majirani. Basi akaamua kuufuata kando ya mstari, kama mtu aliyekataliwa posa akaomba kazi ya kupiga picha harusini. Kazi ya mshika kibendera ni kukimbia sambamba na beki wa mwisho, macho hayatoki kwake. Mshambuliaji akitangulia nyuma ya beki kabla pasi haijapigwa, huyo kaotea, kibendera kinapanda, na bao lake si bao. Waliomfundisha walimpa sheria mbili za kulala nazo. Ya kwanza: usichokiona usikiinulie. Ya pili: ukishainua usishushe mpaka refa akuone, kwa sababu mkono unaopanda na kushuka ni wa mtu anayefukuza inzi.

Sasa fainali. Mimi nilikuwepo uwanjani, mstari wa mbele kabisa, karibu naye kiasi cha kusikia kibendera kikipepea. Hilo likumbukeni.

Timu yetu ilikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Mshale. Alipendwa mpaka akipiga chafya mtaa mzima unasema pole. Dakika zinayoyoma, hakuna aliyefunga. Mpira ukapigwa kutoka katikati, Mshale huyo, kipa huyo, wavu ukatikisika. Tukaruka. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, mbavu zake nazisikia mpaka leo. Ndipo mmoja akasema, "Yule pale anafanya nini?"

Yule pale alikuwa shemeji yangu. Mkono juu. Si juu tu, umesimama kama mlingoti. Kichwa kimeinama upande, meno yameumana, machozi yanateremka mashavuni, na kibendera hakitikisiki. Refa akatazama, akapuliza, bao likakataliwa. Wachezaji wakamzingira, wanamfokea puani, mkono juu. Chupa ikarushwa, mkono juu. Refa mwenyewe akamwendea akamwambia, "Nimekuona bwana, shusha." Akajibu, "Siwezi."

Siwezi! Neno hilo liliruka kutoka uwanjani likatua magazetini. Hawezi, wakasema, kwa sababu kala hela za watu. Na picha ya yale machozi je? Dhamira inamsuta, wakasema. Ubaya zaidi, wapinzani wetu walichukua mpira uleule uliosimamishwa, wakakimbia nao upande wa pili, wakafunga. Kombe likaenda zake. Watu wakavua viatu wakamrushia. Alirudi nyumbani na viatu vitano, viwili tu ndivyo vyake. (Mwenyewe husema alichorushiwa ni kimoja, tena ndala. Lakini mwenyewe yuko kwenye vifungo.)

Toka siku ile jina lake likawa Kipofu.

Nataka hapa mnielewe vizuri. Kinyozi ukimwita Kipofu, utani. Mwimbaji akijiita Kipofu, pengine anauza zaidi. Lakini fundi nguo kuitwa Kipofu ni sawa na mpishi kuitwa Makamasi. Nani atampelekea kitambaa? Watoto walikuwa wakisimama dirishani pake wanainua mkono. "Fundi, hivi ni vidole vingapi?" Naye, bila kunyanyua kichwa: "Vitano, na kimoja kimetoka puani." Walicheka, lakini mama zao hawakuleta vitambaa. Kazi zilizomfikia zilikuwa za vipande: kupunguza pindo, kubadilisha zipu, kutia kiraka, kaptura za shule. Na huyu mtu kafundishwa kukata suti! Wanaume wa mtaa wakitaka kuoa walipita mlangoni kwake na kitambaa kwapani kwenda kwa fundi wa kona, ambaye makoti yake mkono mmoja unasalimia na mwingine unaaga.

Juu ya kabati humu dukani palikuwa na kitambaa cha suti, bluu iliyokolea, kimefungwa kwenye karatasi. Alikinunua kabla tu ya fainali ile, kwa ajili ya mteja wake wa kwanza wa maana. Mara kwa mara alikiteremsha, akakikung'uta, akakikunja upya mahali pengine kisije kikakatikia kwenye mkunjo, akakirudisha. Siku moja dada yangu akamwambia, "Baba watoto, si ukikate tu tupate mapazia?" Siku hiyo hakula.

Na mimi nilimwuliza, si mara moja. "Shemeji, niambie mimi, kaka wa mkeo. Uliona nini siku ile?" Anaongeza pini.

Basi miaka ikaenda, mvi zikaja. Alasiri moja niko hapahapa dukani namsaidia kazi kwa kumwangalia akifanya, mara mtu akapiga hodi. Kaingia mwanamume mnene anayechechemea goti moja, nyuma yake mwanamke mwenye miwani puani na miwani nyingine juu ya kichwa. Dada yangu alikuwa anashona vifungo vya kaptura pale mlangoni. Akasema karibuni, kisha akakauka ghafla kama bomba lililokatwa maji. Alikuwa Mshale. Kanenepa, kazeeka, lakini Mshale.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikaitikia mimi upesi, maana mtu maarufu akiamkia haifai aitikiwe kwa pini.

Yule mama akajitambulisha kuwa ni mhariri. "Huyu anaandika kitabu cha maisha yake."

"Nimeshakiandika," Mshale akasema. "Yeye ndiye aliyekikataa."

"Nilichokikataa ni kabati la vikombe," mhariri akasema, akijitafutia kigoda kama yuko kwake. "Nimesoma kurasa zote. Mabao yamo, makocha wamo, majeraha yamo. Kila aliyewahi kumpigia makofi yumo. Nikamuuliza, kaka, wewe mwenyewe uko ukurasa wa ngapi? Nikamwambia nenda ukaniletee jambo moja ambalo hungependa mama yako alisome."

Hapohapo nikampenda yule mama. Alikuwa anasema yaleyale yangu ya masufuria, ila kwa miwani mbili.

Mshale alibaki wima, anachezea kofia yake. "Nikampelekea moja," akasema. "Lakini nikaona siyo uungwana lichapishwe kabla sijafika kwako. Fundi, lile bao. Niliotea."

Cherehani ikasimama.

"Niliotea, na nilijua. Kati yangu na kipa hapakuwa na mtu hata wa kusalimiana naye. Nikasema moyoni, wewe funga tu, wakinyamaza wamenyamaza. Ulipoinua nikakimbilia kamera kulia kwamba nimeonewa. Mpaka leo nikiulizwa nasema nilionewa. Jina walilokupa nalijua. Walipokuwa wakilitaja mbele yangu, nilicheka nao."

Dada yangu alijifunika mdomo kwa ile kaptura ya mtu.

"Sasa nataka niandike kwamba uliona sawa," Mshale akaendelea. "Uwanja mzima una kelele, jua kali, na wewe peke yako ukaona, ukasimama na mkono juu hata waliporusha chupa. Huyu mama anasema sura hiyo ndiyo itakayokibeba kitabu. Na siku ya kukizindua nataka nivae suti uliyoikata wewe. Nitasimama niwaambie watu, hii imekatwa na macho makali kuliko yote yaliyokuwa uwanjani siku ile. Ila lazima kwanza nisikie kutoka kwako. Uliniona?"

"Alikuona!" nikadakia. "Alikuona kama anavyoliona tundu la sindano! Aliniambia jioni ileile!"

Mhariri akashusha miwani ya kichwani, akaniangalia kwa zote mbili. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni msemaji wa familia."

"Hajawahi kuchaguliwa," dada yangu akasema.

Sikujali. Nilimkonyeza shemeji, nikamkanyaga mguu, nikamwelekeza kwa kidevu kule juu ya kabati. Akatazama. Niliyaona macho yake yakipanda mpaka kwenye ile karatasi, yakakaa pale kama mtu aliyefika kwao. Jamani, neno lenyewe moja tu! Nilikuona. Hata mtu mwenye pini analiweza. Aliseme, jina la Kipofu life palepale, kitambaa kishuke, wapwa zangu watembee mtaani vifua mbele, na mimi niwe shemeji wa shujaa. Nilishaanza hata kufikiri nitasimamaje kwenye picha.

Shemeji akaanza kutoa pini mdomoni. Moja. Akaichomeka kwenye kimto chake. Nyingine. Akaichomeka. Sikujua kama mdomo wa binadamu unabeba chuma chote kile. Alipomaliza akasema:

"Sikukuona."

"Unasema?"

"Sikukuona. Wala sikuwa nakutazama. Nyigu aliniingia kwenye mkono wa shati."

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Alipanda mpaka kwapani," akaendelea, anaongea na chaki iliyo mezani. "Akaniuma, mkono ukapanda wenyewe. Nilipojaribu kuushusha nikambana, akauma tena. Nikaelewa. Mkono ukiwa juu, ananyamaza. Ukishuka, anauma. Kugeuka nikaona mpira uko wavuni na refa anapuliza. Alipokuja kuniambia shusha, nikamwambia siwezi. Watu walitafuta maana ya neno hilo. Maana yake ilikuwa siwezi."

"Lile jipu!" dada yangu akapiga ukelele, kaptura ikaruka. "Ndiyo lile jipu! Nimelikanda na maji ya moto mpaka vidole vikababuka! Nikawa najiuliza, jipu gani hili limeota saa kumi na kuiva saa kumi na mbili!"

"Ningekuambia nini, mama watoto?"

"Nyigu! Si ungesema nyigu! Neno fupi, hata pini haliangushi!"

"Mshika kibendera anayeona vibaya ni binadamu kama wengine," shemeji akasema. "Asiyeangalia ni nini? Tuliambiwa usichokiona usikiinulie. Mimi nilikiinulia. Nikaona afadhali waniite Kipofu kuliko wajue kwamba macho ninayo, ila nilikuwa nayatumia kuangalia kwapa." Kisha akamgeukia Mshale. "Basi sura yako ya kitabu nimeiharibu. Unisamehe. Na suti, pale kona kuna fundi."

Nilijipiga paji la uso mpaka nikaona nyota, si huyu aliyekuwa mbele yangu, wengine.

Mhariri alikuwa ameinamisha kichwa anamsoma kama ukurasa. "Kwa nini umesema? Ulishapewa njia. Ungeitika tu."

Shemeji alifikiri. Nikamwona mkono unaifuata pini, akauzuia. "Huyu katoka kwake na goti lile," akasema, "kuniletea aibu yake mkononi. Mimi nimrudishie ya kushonashona?"

Mshale alikuwa ametugeuzia mgongo. Mabega yanatikisika. Nikajua tumemliza mtu mashuhuri, nikawa natafuta la kusema kwa niaba ya familia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na alipopapata palikuwa kwenye kile kimto. Akaruka na goti lake bovu juu kuliko alivyowahi kuruka enzi zake, naapa.

"Yaani mimi nimeiba," akasema akijishika nyuma, "na wewe umenikamata bila kuniona?"

"Aliyekuona ni nyigu," dada yangu akasema.

Hapo tukaangua kicheko sote. Shemeji ndiye wa mwisho, akaanza taratibu kama cherehani iliyokosa mafuta, halafu ikashika. Sijawahi kuyaona meno yake yote kabla ya siku ile.

Mhariri akavua miwani zote mbili, akazifuta kwa kipande cha kaptura. "Msibadilishe hata neno," akasema. "Wachezaji waliolia kwamba walionewa nimewahariri mpaka nimechoka. Mwizi aliyehukumiwa kwa haki na hakimu aliyekuwa haangalii, huyu ndiyo kwanza nampata. Yaingie yote mawili, lako na lake."

Kicheko cha shemeji kikazimika. "Kwa hiyo watanicheka."

"Watakucheka," mhariri akasema. Hakumpaka mafuta. "Lakini safari hii watakuwa wanacheka kilichotokea."

"Na lile jina?"

"Hilo siwezi kuahidi. Mimi nafuta maneno kwenye karatasi, siyo midomoni mwa watu."

Shemeji akatazama mikono yake. Dada yangu akamtazama yeye. Ningeweza kusema neno zito pale, ninayo mengi, lakini nilinyamaza, na hilo peke yake linastahili kitabu. Hatimaye akasema, "Andikeni. Ila mwandike nyigu alikuwa mmoja. Shemeji yangu huyu atawaambia walikuwa kundi."

Mshale akavua koti lake akalitupa juu ya cherehani, akainua mikono yote miwili. "Haya, nipime. Ila kwapani niachie nafasi, fundi. Huwezi kujua."

Dada yangu alikuwa ameshapanda kigoda. Aliteremsha ile karatasi kama anateremsha mtoto aliyelala. Shemeji akaikata kamba, kitambaa kikafunguka mezani, na hakikuwa na tundu hata moja. Akachukua futi akaanza kupima. Tumbo la Mshale lilikuwa limeotea, limeupita mkanda kabla pasi haijapigwa. Shemeji akaandika alichoona, bila upendeleo.

Suti ilitoka, na kwa kweli ilitoka. Siku ya uzinduzi Mshale alisimama mbele ya watu, akainua mkono kuwaonyesha kwamba kwapani hapabani, akawasomea sura ile. Nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na hakuna kombe hata moja ndani yake. Mna mtu mzima anayejichungulia kama anavyochunguliwa mtu aliyesahau kufunga mlango. Ndiyo maana nasema kitabu kinafaa. Nikitaka kusikia mtu akijisifu, nina mdomo wangu mwenyewe nyumbani, tena haununuliwi.

Nakala iliyoko hapa dukani ukiiweka mezani inajifunua yenyewe kwenye sura hiyo. Wateja wanaisoma wakisubiri kupimwa. Ndiyo, wateja! Bwana harusi mmoja alitangulia, akaja kwa utani, akisema anataka suti ya nyigu. Alipoivaa, utani ukamwisha, akamleta kaka yake. Sasa kuna makoti yanayoning'inia mpaka kwenye dirisha. Jina la Kipofu limekufa. Siwezi kusema limezikwa kwa heshima, maana badala yake wanamwita Fundi Nyigu, na watoto wakipita dirishani wanainua mkono wanapiga zzzz. Anawajibu kwa zzzz yenye pini. Aliyebaki na kinyongo ni muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Tulimsomea sura nzima, polepole, mara mbili. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mshale haelewi anachosema," akatuambia. "Lile lilikuwa bao. Na huyo nyigu alinunuliwa."

Kitabu kina kasoro moja tu, nayo ni kubwa: mimi simo. Nilikipekua chote, kurasa na maelezo ya picha. Nilichokipata ni kwenye habari za hapa dukani, palipoandikwa "jamaa mmoja aliyekuwepo." Jamaa mmoja! Ndiyo sababu nimechukua kalamu, nirekebishe. Maana ukweli kamili, ambao mhariri na miwani zake zote hakuupata, ni huu. Siku ile ya fainali, pale mstari wa mbele, nyigu yule nilimwona kwa macho yangu akitokea juu ya goli. Alikuwa na ukubwa wa bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Nasema bobini kwa kupunguza. Alikuwa kama kidole gumba cha mtu mzima, kiuno amekibana kama nguo imekatwa na shemeji. Nikapiga ukelele, "Shemeji, kwapa!" Kelele za watu zikanimeza. Basi nikaruka uzio. Polisi wa kwanza nikampita kulia, wa pili nikampita katikati ya miguu, nikamfikia shemeji amesimama vile, machozi yanamtoka, nikamshika kiwiko nikamwambia, "Usishushe! Vumilia, ndugu yangu, mimi nitamtoa kwa mkono wangu huuhuu, na kama ni kuuma aniume mimi, kwa sababu tangu siku uliyonipima ile suruali mimi na wewe ni damu mo—"

"Shemeji."

Yuko nyuma yangu. Sijui ameingia saa ngapi, wala amesoma kuanzia wapi. Kashika mfuko wa vifungo, na mkono alioushikia umenyooka juu, hautikisiki.

"Umeotea, shemeji. Siku ile nilikuacha na nikarudi nikakukuta kwenye kochi langu, umelala chali. Redio ulikuwa umeiweka tumboni, na haikuwa na betri."

Nimemwambia hata aliyelala kwenye kochi anaweza kuona, ilimradi awe na macho ya—

Mkono bado uko juu.